Jinsi ya kuijaribu amplifaya ya bei kubwa dukani kabla ya kulipa

Amplifaya mbili zikipigwa moja baada ya nyingine, ile yenye sauti kubwa kidogo ndiyo itakayokupendeza. Tofauti ikiwa nusu desibeli tu, sikio haliitambui kama ukubwa wa sauti. Linaitambua kama uwazi, kama besi iliyoshiba, kama mwimbaji aliyesogea mbele. Muuzaji mzoefu analijua hilo, na hata asiyelijua anaweza kukupoteza bila kukusudia, kwa kuzungusha kitufe cha sauti upana wa kucha. Ndiyo maana karibu kazi yote ya majaribio hufanyika kabla muziki haujaanza: kuhakikisha kwamba kati ya amplifaya ya kwanza na ya pili hakuna kilichobadilika isipokuwa amplifaya yenyewe.

Mwongozo huu ni wa mtu anayekwenda kutoa fedha nyingi kwa amplifaya ya stereo na anataka kurudi nyumbani na sababu, si na msisimko wa saa moja.

Hesabu za kufanya nyumbani

Anza na spika zako, kwa sababu ndizo zitakazoamua amplifaya gani inakufaa. Tafuta tarakimu mbili kwenye karatasi yake ya maelezo: usikivu, yaani ukubwa wa sauti inayotoa kwa umeme uleule, na omu, yaani ukinzani wake kwa umeme.

Usikivu huandikwa kwa desibeli, ukipimwa mita 1 mbele ya spika inayopewa volti 2.83, ambazo ni sawa na wati 1 kwenye omu 8. Tuseme spika yako ni ya desibeli 86 na unakaa mita 3 kutoka kwake. Umbali huo unapunguza kama desibeli 9.5. Spika zikiwa mbili unarudishiwa 3, na kuta za chumba hurudisha nyingine kama 3. Unabaki na desibeli 82 hivi kwa kila wati. Ukitaka vilele vya muziki vifike 102, ambavyo ni vikali lakini si vya kupita kiasi kwa okestra au ngoma iliyorekodiwa vizuri, unahitaji desibeli 20 zaidi, yaani wati 100. Spika ya desibeli 92 katika chumba hichohicho ingetosheka na wati 25. Kumbuka kwamba kuzidisha wati mara mbili kunaongeza desibeli 3 tu. Anayekushawishi uache amplifaya ya wati 120 uchukue ya 150 kwa sababu ya nguvu anakuuzia desibeli 1.

Omu zinadanganya zaidi. Spika iliyoandikwa omu 8 inaweza kushuka hadi 6 au chini ya hapo katika masafa fulani, na nyingi za kisasa zinazoandikwa omu 6 hushuka hadi 3. Amplifaya inayoweza kuzidisha wati zake karibu mara mbili kutoka omu 8 hadi omu 4, kwa mfano 100 kisha 190, ina transfoma na kapasita za kutosha. Inayotoka 100 ikaishia 130 itachoka kwenye spika ngumu. Wati zisizoandikiwa omu, masafa na kiwango cha uchafuzi wa sauti ni tarakimu tupu. Nchini Marekani kanuni ya mwaka 1974 ililazimisha watengenezaji kuvitaja vyote hivyo, baada ya miaka ya matangazo yenye wati za kufikirika.

Jambo la tatu ni ukinzani wa ndani wa amplifaya kwenye soketi za spika. Huandikwa mara chache. Badala yake utaona tarakimu iitwayo damping factor, inayotokana na kugawa omu 8 kwa ukinzani huo. Amplifaya ya transista yenye ukinzani wa omu 0.05 ina 160. Ya valvu, yaani ya taa za kioo za mtindo wa zamani, yenye omu 2 ina 4. Tofauti hii inasikika waziwazi, na hesabu yake ni rahisi: spika ambayo omu zake zinapanda na kushuka kati ya 4 na 20 itabadilishiwa mlio kwa karibu desibeli 2.7 na ile ya valvu, lakini kwa chini ya desibeli 0.1 na ile ya transista. Kwa maneno mengine, amplifaya ya valvu hurithi sura ya spika inayoisukuma. Ukiisikia tamu kwenye spika za dukani hujajua chochote kuhusu itakavyolia kwenye zako.

Lakini usikimbilie upande wa pili na kufuata tarakimu kubwa. Waya wa spika wa shaba wa milimita za mraba 2.5, urefu wa mita 3, una ukinzani wa omu 0.04 ukihesabu kwenda na kurudi. Tayari waya peke yake umekaribia kulingana na amplifaya ya 160. Ile ya 1,000 haitakupa besi iliyobanwa zaidi kwa kiwango cha maana.

Miadi, na vya kubeba

Piga simu, usiende tu. Omba asubuhi ya siku ya kazi, saa mbili mfululizo bila wateja wengine chumbani. Taja amplifaya unazotaka kusikia, zisizidi mbili ukihesabu na yako ya sasa. Ya tatu huchanganya masikio. Omba ziwe zimewashwa angalau saa moja kabla hujafika. Amplifaya za daraja A (zinazovuta umeme mwingi hata bila muziki) na za valvu hubadilika kadiri zinavyopata joto, na kuilinganisha ya moto na iliyowashwa sasa hivi ni kuionea ya pili.

Uliza swali moja la ziada kwenye simu: spika gani zitatumika? Kama zako ni za kuwekwa juu ya stendi, zibebe. Kama ni za kusimama sakafuni na nzito, tafuta duka lenye modeli ileile, au angalau yenye usikivu na omu zinazokaribiana na zako. Kusikiliza amplifaya ya wati 20 kwenye spika za tarumbeta zenye desibeli 100, wakati nyumbani una za 85, ni kupoteza asubuhi.

Beba amplifaya yako ya sasa hata kama ni nzito. Bila hiyo utalinganisha kitu kipya na kumbukumbu, na kumbukumbu ya sauti haikai. Mambo madogo ya mlio hufutika kichwani ndani ya sekunde chache; kinachobaki ni maoni yako juu yake.

Weka pia kwenye mfuko:

- multimita, yaani kipimo cha umeme, ndogo ya kidijitali inayosoma volti za AC hadi tarakimu mbili baada ya nukta, pamoja na vibanio vya kushika ncha za waya
- flashi au CD yenye nyimbo zako, na mlio wa majaribio wa hezi 1000 ulioshushwa desibeli 20 chini ya kiwango cha juu kabisa
- kipimo cha futi, kalamu na daftari
- waya wa spika unaoutumia nyumbani, kama una plagi za ndizi (zile za pini moja) mwishoni
- mtu mmoja mvumilivu

Huyo mtu wa mwisho ni muhimu kuliko multimita. Utaona sababu mbele.

Nyimbo

Nyimbo sita zinatosha. Ziwe unazozijua kwa miaka, si zile muuzaji anazozipenda kwa sababu zinapendeza kwenye kifaa chochote. Ziwe katika ubora wa CD, yaani biti 16 na kilohezi 44.1, au faili za FLAC, zisizopoteza ubora huo. Ziandae nyumbani zikiwa vipande vya sekunde 30, kila kipande kikiwa na kazi yake.

Sauti ya mwanamume inayosema bila muziki, kwa sababu masikio yetu yamefunzwa sauti ya binadamu tangu utotoni na hayakubali udanganyifu. Piano peke yake, ikipigwa kwa nguvu. Gitaa kubwa la besi la mbao, ambalo kila nota yake ina mwanzo, mwili na mwisho. Kwaya kubwa au okestra katika kilele chake, ambapo amplifaya dhaifu hugeuza watu 80 kuwa ukuta mmoja. Ngoma iliyorekodiwa bila kubanwa. Na wimbo mmoja mbaya, uliorekodiwa vibaya lakini unaoupenda, kwa sababu nyumbani ndio utakaoupiga zaidi.

Ukifika chumbani

Kabla ya kukaa, tembea nyuma ya vifaa na utazame kilichounganishwa. Hapa ndipo majaribio mengi huharibika, na mara nyingi hakuna aliyekusudia.

Chanzo cha muziki kiwe kimoja kwa amplifaya zote, kikiwa kimeunganishwa kwa njia ileile. Plea nyingi za CD hutoa volti 2 kwenye soketi za RCA (zile za kawaida za pini moja) na volti 4 kwenye XLR (za pini tatu). Hiyo ni tofauti ya desibeli 6. Ukiisikiliza moja kwa RCA na nyingine kwa XLR bila kusawazisha, ya XLR itashinda kila mara.

Hakikisha vidhibiti vya besi na trebo viko katikati au vimezimwa, kitufe kilichoandikwa Loudness kimezimwa, sabufa imechomolewa, na marekebisho ya chumba yamezimwa. Amplifaya nyingi mpya zina programu ya kurekebisha sauti kulingana na chumba. Inaweza kuwa kitu kizuri sana, tena chenye manufaa kuliko tofauti yoyote baina ya amplifaya mbili nzuri, lakini isikilize peke yake baadaye. Ikiwashwa kwa moja na kuzimwa kwa nyingine unasikia programu.

Angalia chanya na hasi kwenye spika zote mbili. Upande mmoja ukigeuzwa, besi hutoweka na mwimbaji hukosa mahali pa kusimama, na ni kosa rahisi sana kufanya kwa haraka wakati wa kubadilisha amplifaya.

Kaa mahali pamoja na usihame. Umbali kati ya spika na umbali wako kwa kila spika ukaribiane, masikio yawe usawa wa twita, ile spika ndogo ya sauti nyembamba. Ukisogeza kichwa sentimita 30 pembeni, trebo inabadilika kuliko itakavyobadilika kwa kubadilisha amplifaya. Weka alama ya mguu wa kiti sakafuni, kwa utepe au kipande cha karatasi.

Duka likiwa na kisanduku cha kubadilishia amplifaya kwa kubonyeza, uliza kwanza kama kinatenganisha nyaya zote mbili, chanya na hasi. Amplifaya nyingi za daraja D (zinazofanya kazi kwa kuwasha na kuzima umeme kwa kasi sana), na baadhi ya nyingine, zina umeme kwenye soketi zote mbili. Kisanduku kinachounganisha hasi za amplifaya mbalimbali pamoja kinaweza kuziunguza. Kama muuzaji hana jibu, badilisheni nyaya kwa mkono huku amplifaya zikiwa zimezimwa. Inachukua dakika mbili, na hakuna kitu kinachoungua.

Kusawazisha sauti

Hii ndiyo sehemu ambayo wateja wengi huiruka na wauzaji wengi huiona usumbufu. Fanya hata hivyo.

1. Weka wimbo wako na upandishe amplifaya ya kwanza hadi kiwango unachokitumia nyumbani. Usikishushe ili kumridhisha mtu, wala usikipandishe.
2. Bila kugusa kitufe, cheza mlio wa hezi 1000. Shika vibanio vya multimita kwenye soketi za spika moja, spika ikiwa imeunganishwa. Fanya hivyo upande wa spika, si nyuma ya amplifaya, ambako soketi mara nyingi zimebanana, na usiruhusu ncha mbili zigusane popote, kwa sababu zikigusana unaweza kuiua amplifaya.
3. Andika volti. Tuseme ni 1.00.
4. Zima, hamisha nyaya, washa amplifaya ya pili sauti ikiwa chini kabisa, cheza mlio uleule, kisha pandisha taratibu hadi volti 1.00.
5. Kubali kati ya 0.99 na 1.01. Huo ndio upana wa karibu desibeli 0.1 kila upande. Ukipata 1.06 umepita kwa nusu desibeli, na majaribio yote yatakayofuata ni bure.
6. Pima spika ya pili pia. Kama kushoto na kulia zinatofautiana kwa zaidi ya asilimia 3, kitufe cha sauti cha amplifaya hiyo hakiko sawa.
7. Weka alama ya kila kiwango kwa utepe, au andika tarakimu ya kwenye kioo.

Multimita ya bei nafuu huenda isisome hezi 1000 kwa usahihi. Haidhuru, maadamu unatumia ileile pande zote, kosa lake linajifuta. Simu yenye programu ya kupima kelele haifai kwa kazi hii. Inayumba kwa desibeli 1 mtu akipita mlangoni.

Kuna kikwazo kimoja cha kawaida. Amplifaya yenye kitufe cha kidijitali hupanda kwa hatua, na hatua ya desibeli 1 haiwezi kusawazishwa vizuri. Dawa ni kuanza na hiyo yenye hatua kubwa, kisha kuifuata kwa ile yenye hatua ndogo au kitufe laini. Zote zikiwa na hatua kubwa, jaribu viwango vitatu au vinne hadi ukute mahali ambapo zinakutana.

Amplifaya ya valvu haitasawazika kwa masafa yote, kwa sababu iliyoelezwa juu. Isawazishe kwa hezi 1000, kisha pima tena kwa hezi 300 na uandike tofauti. Angalau utajua kwamba unachokisikia ni mlio uliobadilika, tena kwa kiasi gani.

Kusikiliza kwenyewe

Cheza kipande cha sekunde 30 kwa ya kwanza, badilisha, rudia kipande hichohicho kwa ya pili, rudi tena kwa ya kwanza. Usisikilize wimbo mzima. Sikiliza pia jambo moja kila mara: mara hii mwanzo wa nota ya besi tu, mara nyingine pumzi ya mwimbaji tu, mara nyingine jinsi mvumo wa ngoma unavyokufa. Anayesikiliza yote kwa pamoja huishia kusikia hisia yake.

Andika kabla ya kuzungumza. Muuzaji akisema "umesikia nafasi ilivyofunguka?" utaisikia, hata kama haipo. Mwombe kwa heshima anyamaze, au atoke. Wauzaji wazuri hutoka wenyewe.

Baada ya hapo pandisha hadi vilele vigumu, lakini kwa dakika chache tu. Unatafuta mahali amplifaya inapoanza kukata vilele vya mawimbi. Dalili yake ya kwanza si mkwaruzo. Ngoma hupoteza ukali wake, kwaya hukusanyika katikati, na unajikuta unataka kupunguza sauti bila kujua kwa nini. Amplifaya yenye akiba inaongezeka ukubwa bila kubadilisha tabia. Taa ya onyo ikimulika, punguza mara moja, kwa kuwa mawimbi yaliyokatwa huunguza twita, hata ya spika yenye uwezo mkubwa kuliko amplifaya. Kumbuka pia masikio yako. Kipimo kinachotumiwa sana kazini ni desibeli 85 kwa saa 8, na kila desibeli 3 zinazoongezeka zinapunguza muda kwa nusu: 94 ni saa 1 tu. Ukishayachosha, hayawezi kuhukumu chochote hadi kesho yake.

Kisha shusha chini kabisa, kiwango cha usiku wa manane watu wakiwa wamelala. Wengi husahau jaribio hili, nalo hufichua mengi. Tumia sauti ya mtu iliyorekodiwa katikati. Kitufe cha sauti cha kawaida kisichofanana kushoto na kulia kitamsogeza mwimbaji pembeni akiwa chini, halafu kumrudisha katikati akipanda. Katika amplifaya ya bei kubwa hilo halikubaliki.

Kuficha

Sasa ndipo mwenzako anapohitajika. Baada ya kuandika maoni ukiwa unaona, geuza kiti au funika vifaa kwa kitambaa. Mwenzako arushe sarafu na aamue amplifaya ipi icheze, bila kukuambia na bila wewe kumwona. Kama mnahamisha nyaya kwa mkono, afanye vitendo vilevile kila mara, hata pale asipobadilisha kitu, la sivyo mlio wa soketi utakuambia. Wewe andika A au B mara 10.

Kwa kubahatisha tu, mtu hupata 9 au zaidi mara 1 katika 93 hivi. Kupata 8 au zaidi hutokea mara 1 katika 18, kwa hiyo 8 ni dalili tu, na 6 ni bahati nasibu. Watu wengi hushangaa hapa. Amplifaya mbili za transista zilizotengenezwa vizuri, zikiwa na sauti sawa na hazijafikishwa mwisho wa nguvu zake, mara nyingi hazitofautishiki. Mwaka 1985 Bob Carver, mhandisi wa Marekani, aliirekebisha amplifaya yake ya transista mpaka wahariri wa jarida la Stereophile wakashindwa kuitofautisha na ya valvu ya bei kubwa waliyokuwa wakiitukuza. Alichofanya ni kuiga tabia yake ya umeme, pamoja na ule ukinzani wa ndani.

Ukikosa kutofautisha, usijione una masikio mabovu. Umepata taarifa yenye thamani ya fedha nyingi: sasa uko huru kuchagua kwa nguvu, kwa rimoti, kwa dhamana, kwa ukubwa au hata kwa sura. Kupenda sura ya kitu utakachokitazama miaka 15 si aibu. Aibu ni kuiita sura hiyo besi.

Uchunguzi wa kimya

Simamisha muziki, weka kitufe kwenye kiwango chako cha kawaida na usogeze sikio hadi sentimita 5 kutoka kwenye twita. Mlio mdogo laini wa "sss" ni kawaida. Ukiusikia ukiwa kwenye kiti, kataa, hasa kama spika zako ni za desibeli 95 na zaidi. Mvumo mzito ndani ya wufa, ile spika kubwa ya besi, ni wa hezi 50 au 60 na vizidisho vyake, na mara nyingi unatokana na mzunguko wa ardhi, yaani nyaya za ardhi za vifaa kufanya kitanzi kati yao. Chomoa vyanzo kimoja kimoja. Ukibaki hata vyote vikiwa vimechomolewa, tatizo ni la amplifaya.

Halafu sikiliza sanduku lenyewe. Transfoma kubwa ya duara huweza kuvuma kwa mtetemo hata spika zikiwa kimya. Mvumo huo hutegemea umeme wa mahali, kwa hiyo ulichosikia dukani si ahadi ya nyumbani, kwa pande zote mbili.

Weka multimita kwenye DC, millivolti, kwenye soketi za spika bila muziki. Chini ya 50 ni salama, na nyingi nzuri huwa chini ya 10. Mamia ya millivolti yanasukuma wufa nje ya mahali pake muda wote, na hiyo ni amplifaya inayohitaji fundi.

Gusa kifuniko baada ya saa moja. Ya daraja A yenye wati 30 kila upande hunyonya wati 200 au zaidi hata muziki ukiwa kimya, na joto hilo lote litabaki chumbani kwako. Daraja D itakuwa vuguvugu tu. Pima kina kwa futi kisha ongeza sentimita 10 za plagi na nyaya nyuma, na nyingine 10 za hewa juu. Kabati nyingi hushindwa hapo.

Ukianza kusikia maneno ya biashara

"Inahitaji saa 300 kufunguka." Vizuri, naomba ile ambayo tayari imepigwa saa 300. Kinachobadilika kwa uhakika ni joto katika saa ya kwanza, na masikio ya mwenye kifaa katika wiki ya kwanza.

"Iweke na waya huu wa umeme." Hapana, si leo. Ukibadilisha vitu viwili hutajua kipi kilifanya kazi.

"Ina soketi ya santuri ndani." Uliza ni ya aina gani. Sindano ya MM (yenye sumaku inayosogea) inahitaji kilo-omu 47 na ongezeko la desibeli 40 hivi. Ya MC (yenye koili inayosogea) ya volti ndogo huhitaji karibu 60. Ikiwa ni ya MM tu na wewe una MC, utanunua kisanduku kingine.

Uliza pia vitu visivyopendeza kuulizwa. Nani anaitengeneza ikiharibika, na wapi? Dhamana ni ya miaka mingapi, na je, humfuata mnunuzi wa pili? Ni volti 230 au 115, na inageuzwa na nani? Je, njia ya analogi hugeuzwa kuwa dijitali ndani, kama zinavyofanya baadhi ya za daraja D? Valvu zake zinarekebishwa zenyewe au kwa bisibisi, na seti mpya ni kiasi gani? Valvu za mwisho hudumu saa elfu chache tu, kwa hiyo seti ni sehemu ya bei hata kama haijaandikwa kwenye kibandiko.

Siku saba nyumbani

Usilipe yote siku hiyo. Omba kuichukua kwa amana, siku 5 hadi 7, na upate karatasi yenye namba ya kifaa, tarehe ya kurudisha na hali ya kasha. Piga picha ya kila upande kabla haijatoka dukani, pamoja na mikwaruzo. Kama ni ya maonyesho, mkwaruzo ni punguzo.

Siku ya kwanza usihukumu. Iache ipate joto na usikilize muziki. Siku ya pili rudia uchunguzi wa kimya, kwa umeme wako na nyaya zako. Mvumo ukitokea ambao dukani haukuwepo, chomoa kwanza waya wa antena ya televisheni kama mfumo wako umeungana nayo, ndio mkosaji wa mara kwa mara. Siku tatu zinazofuata ishi nayo kawaida, na usiku mmoja usikilize kwa sauti ya chini kabisa.

Siku ya sita rudisha amplifaya yako ya zamani mahali pake, kwa volti zilezile kwenye spika, na uisikilize jioni nzima. Siku ya saba utakuwa unajua kama mkono wako unataka kuiunganisha tena ile mpya au umetulia, na bado una saa chache kabla duka halijafungwa.